Mkono wa kulia haufunguki, mama mkwe hataki wa kushoto

SAFU YA USHAURI

Mshauri, assalaam aleykum.

Mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto wawili, naishi Tanga. Mume wangu ni dereva wa malori na siku nyingi yuko njiani, kwa hiyo nyumbani tupo mimi, watoto na mama mkwe.

Mwanangu wa kwanza, wa kiume, ana miaka saba. Alizaliwa kwa shida akachelewa kulia, na baadaye tukaambiwa ana mtindio wa ubongo uliompata upande mmoja. Mkono wa kulia umekunjika kwenye kiwiko, ngumi imefumba na kidole gumba kimejificha ndani. Mguu wa kulia anauburuta kidogo lakini anatembea mwenyewe. Kichwani yuko sawa: anahesabu, anaimba kila kitu kinachopigwa redioni, na kunidanganya anajua.

Hospitali tunakwenda kwa dada mmoja wa tiba kwa vitendo. Mara ya mwisho alinipa orodha ya mambo ambayo mtoto ayafanye mwenyewe kila siku: kuvaa kaptula na shati, kula, kupiga mswaki, kunawa, kwenda chooni na kuvaa viatu. Nilirudi na karatasi yangu nina furaha. Furaha haikufika mbali.

Anayeshinda na mtoto ni mama mkwe, maana mimi saa moja asubuhi niko kibandani kwangu. Yeye humvalisha, humlisha, humchambisha. Nilipomweleza, akasema amelea watoto saba na hakuna hata mmoja aliyefundishwa kuvaa na hospitali. Kubwa zaidi ni chakula. Mtoto mkono anaouweza ni wa kushoto, na mama mkwe hataki kabisa kuona mtu anakula kwa kushoto nyumbani kwake. Siku moja nimerudi mchana bila kutarajiwa nikakuta mkono wa kushoto wa mwanangu umefungwa kwa kanga kiunoni, sahani iko mbele yake, anatakiwa ale kwa ngumi ile ya kulia. Analia, wali umetapakaa mkekani. Baadaye akalishwa, kama kawaida.

Wiki iliyofuata nikaamua asubuhi avae kaptula mwenyewe mbele yangu. Robo saa nzima anahangaika, machozi yanamtoka, mimi namwambia "vuta, vuta." Mama mkwe akaja akaichukua mikononi mwangu akamvalisha. Mtoto akasema, "Mimi namtaka bibi." Siku hiyo sikushona kitu cha maana.

Januari anatakiwa kuanza darasa la kwanza. Mwalimu mkuu amesema hana tatizo kumpokea "kama anajihudumia," kwa sababu hawana mtu wa kumpeleka chooni. Mume wangu nikimpigia anasema tusikilizane.

Naomba unisaidie. Niendelee na mazoezi hata kama nyumba itawaka moto? Nimpeleke mtoto kwa dada yangu Korogwe, akafundishwe huko bila maneno? Au nisubiri mwaka mwingine ndipo aanze shule? Na kweli, Mshauri, namtesa mwanangu?

Mama Fundi, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Waaleykum salaam, Mama Fundi. Pole na hongera kwa pamoja.

Mambo uliyoyaleta ni matatu: mkono wa kulia chakula, kazi ya kumfundisha mtoto kujihudumia, na Januari inayokuja. Yote umeyaandika kama ugomvi wako na mama mkwe, na ugomvi upo, sikatai. Lakini tazama saa zenyewe. Saa ya kula mchana, saa ya kwenda chooni, saa ya kubadili nguo, aliye na mtoto ni bibi. Orodha ulipewa wewe, na kazi zote za kwenye orodha ziko mikononi mwa mtu ambaye hakuwepo kliniki siku ile. Yeye alizisikia jioni, kutoka kwa mkwe aliyechoka, na inawezekana zilimfikia kama lawama kwamba miaka saba alikuwa anamharibu mjukuu. Je, amewahi kualikwa kliniki, akakaa, akaulizwa yeye anafanyaje?

Nakuuliza hivyo kwa sababu lile la kanga linauma kulisoma, na bado ndani yake kuna kitu bibi hajakosea. Kuna tiba ambayo mkono mzima huzuiwa makusudi ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Ilitokana na kazi za mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, kwa watu wazima waliopata kiharusi, kisha ikapelekwa kwa watoto wenye hali kama ya mwanao. Kama bibi anaogopa kwamba mkono ukiachwa utakufa, hofu hiyo ina ukweli: mtoto asiyetumia upande mmoja huusahau, na viungo hukakamaa.

Tofauti iko kwenye namna. Kwenye tiba mtoto huvishwa glavu au bendeji kwa saa zilizopangwa, kwa wiki chache, mtaalamu akisimamia, na michezo huchaguliwa ili afaulu mara nyingi kuliko anavyoshindwa. Hafungwi akiwa na njaa mbele ya wali, chakula kigumu kuliko vyote kwa mkono usiofunguka. Akilazimishwa hivyo matokeo ni uliyoyaona: misuli iliyokaza hukaza zaidi mtu anapojikakamua au kukasirika, ngumi inafumba zaidi, chakula kinaingia kidogo, na mtoto anajifunza kwamba mkono wa kulia ni adhabu. Ipo njia nyingine pia, ya michezo inayolazimisha mikono yote miwili kushirikiana, na tafiti zilizozilinganisha kwa watoto zimekuta matokeo yanakaribiana saa za mazoezi zikiwa sawa. Muulize mtaalamu wako ipi inamfaa mwanao. Kanga ipumzike mpaka hapo.

Sasa mkono wa kushoto mezani. Bibi ana hoja mbili, ya dini na ya usafi, nazo zinajibiwa tofauti. Ya dini usiijibu wewe. Aya ya mwisho ya Al-Baqara inasema Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na bibi anaijua kuliko mimi na wewe. Lakini ikitoka kinywani mwa mkwe katikati ya mabishano itakuwa fimbo. Imamu wa msikiti wenu, au ustadhi wa chuo anayemwamini, anaweza kumweleza akatulia. Anaweza pia asimweleze hivyo, kwa hiyo zungumza naye kwanza pembeni.

Huku mkisubiri, kuna kitu bibi anaweza kukikubali: tonge la bismillah kwa mkono wa kulia, yaliyobaki kwa kijiko mkono wa kushoto. Kama nyumbani mnakula sinia moja, mtoto apewe bakuli lake, mkono wa kushoto usiingie kwa wenzake. Hilo peke yake huondoa nusu ya maneno.

Tonge lenyewe lisiwe wali. Liwe kipande cha muhogo wa kuchemsha au ndizi, kinene kiasi cha kujaza ngumi na kirefu kutosha kuchungulia juu ya vidole. Ngumi haifunguliwi kwa kuvuta ncha za vidole, hapo ndipo watu wengi wanapokosea na mtoto anaumia. Kunja kwanza kifundo cha mkono taratibu kuelekea ndani, utaona vidole vinalegea vyenyewe. Halafu shika kidole gumba kwenye shina lake, chini kabisa, ukitoe nje. Weka muhogo, rudisha kifundo polepole, vidole vitaukumbatia. Bibi aweke kiganja chake chini ya kiwiko cha mtoto, amsaidie kunyanyua, na kinywa amalizie mtoto mwenyewe. Matonge mawili matatu yanatosha. Baada ya hapo mkono wa kulia unakuwa msaidizi: unawekwa juu ya meza ukigusa bakuli lisisogee. Huo ndio utakaokuwa wajibu wake mkubwa maishani, kushikilia karatasi, kuzuia sahani, kubana begi, na ni wajibu wa kweli.

Namna ya kukaa ina maana kuliko kijiko. Mkekani, miguu ikinyooshwa mbele, misuli ya nyuma ya mapaja humvuta akaanguka nyuma, kwa hiyo nguvu zote zinaishia kwenye kutoanguka. Tafuta kigoda chenye urefu sawa na kutoka wayo wake mpaka nyuma ya goti, nyayo zote zikanyage chini, kigoda kiwe kwenye kona ya kuta mbili. Chini ya bakuli tandika kitambaa kibichi lisiteleze. Bakuli lenye kingo zilizosimama ni bora kuliko sahani, na ugali au uji mzito unakaa kwenye kijiko kuliko wali mkavu. Akiwa anakohoa kila anapokula, au sauti inakuwa kama ina maji baada ya kumeza, mwambie mtaalamu mapema. Hilo lina hatari yake kifuani.

Kuhusu usafi bibi yuko sahihi kabisa, na hapa wazazi wengi hupitiwa. Mkono mmoja ukiwa ndio unaochamba na ndio unaokula, sabuni inakuwa lazima. Na mkono mmoja hujinawishaje? Ndoo yenye koki iwekwe juu ya kitu kwa usawa wa kiuno chake, sabuni itiwe kwenye kipande cha wavu ining'inizwe hapo, na brashi laini ipigiliwe kwenye ubao, manyoya yakitazama juu. Anasugua kiganja, mgongo wa mkono na kucha juu ya brashi, halafu anapitisha juu ya kiganja cha kulia nacho kipate maji. Kibuyu chirizi cha kukanyaga kinafaa pia, ila kwa mguu dhaifu mpeni nguzo ya kushika kwanza.

Nije kwenye kaptula. Mambo sita kwa mpigo ni mengi. Naamini mtaalamu alikupa picha nzima, lakini mnaweza kurudi kumwomba mchague moja. Ningekuwa napendekeza, kaptula ina sifa ya pekee: mtoto anayeweza kuipandisha mwenyewe amepata kuvaa na amepata nusu ya safari ya chooni.

Ile asubuhi ulimpa kazi nzima kuanzia mwanzo. Jaribuni kuanzia mwisho. Wewe fundi, mwanafunzi mpya humpi kitambaa akate. Unampa nguo iliyokwisha aweke vifungo, ili siku ya kwanza aione imekamilika mikononi mwake. Ndivyo hivyo. Bibi amvishe kaptula ya mpira, mguu wa kulia kwanza kwa sababu ndio mzito, halafu wa kushoto, aipandishe mpaka chini kidogo ya nyonga. Hapo asimame. Kuvuta kipande kile cha mwisho kuingia kiunoni ni kwa mtoto, mbele, kisha ubavu wa kushoto, kisha mkono wa kushoto uzunguke nyuma uvute upande wa kulia, ambao ndio hubaki umening'inia kila mara. Akifanya hivyo asubuhi tatu nne mfululizo bila kukumbushwa, bibi aishie katikati ya mapaja. Baadaye magotini. Baadaye vifundoni, mtoto akiwa amekaa. Usishangae ikichukua wiki nyingi, na usishangae hatua moja ikigoma. Rudini nyuma kidogo kisha mwendelee.

Unaona nani anafanya sehemu kubwa mwanzoni? Bibi. Mazoezi haya hayamnyang'anyi mjukuu siku ya kwanza. Yanamwomba asimalizie tu. Kwa mlezi wa miaka mingi hilo ni gumu pia, mikono inakwenda yenyewe, kwa hiyo mpeni kitu cha kufanya wakati ule: ashike kioo, atandike kitanda, ahesabu kwa sauti mpaka ishirini.

Na lile "vuta, vuta" liache. Maneno ni msaada mgumu sana kuuondoa. Mtoto huzoea kusubiri amri, na shuleni hakuna wa kuitoa. Ukiwa nyuma yake, gusa mkono wake uupeleke kwenye ukanda wa kaptula, kimya, uachie. Siku zinavyokwenda mguso upungue uwe wa kiwiko tu, mwisho usiwepo. Wakati pia ubadilishe. Asubuhi ina haraka, na haraka ndiyo inayomrudisha bibi kwenye kazi. Anzeni jioni kabla ya kuoga, kwa kuvua, kwani kuvua ni rahisi kuliko kuvaa.

Shati lina kanuni yake, hiyohiyo wanayofundishwa watu wazima waliopata kiharusi: mkono dhaifu huingia wa kwanza na hutoka wa mwisho. Mkono ukivuka kiwiko ndani ya shati ndipo shati lizungushwe mgongoni. Likiachwa kabla ya kiwiko litarudi chini kila mara. Kwa upande wa vifungo wewe una bahati, fundi yuko ndani ya nyumba. Shati la shule lifungwe mshono chini, vibaki vifungo viwili vya juu avalie kichwani. Au tia velkro ndani na vifungo juu kama pambo, mtu hatajua. Zipu ya begi itie kikamba chenye kitanzi cha kupitisha kidole.

Umeuliza kama unamtesa. Kuna kilio cha maumivu na kuna kilio cha kukwama, na wewe na bibi mnavijua kwa sauti. Maumivu hutokea mkono unapovutwa ghafla, bega linaponyanyuliwa kwa nguvu, ngumi inapofunguliwa kwa pupa. Hapo acha mara moja. Kukwama kwa dakika moja mbili ni sehemu ya kujifunza. Kukwama kwa robo saa ni kazi iliyozidi kimo, na dawa ni kupunguza kazi, tena umalize yeye akiwa amefaulu kitu kidogo. Na "namtaka bibi" ya asubuhi ile, mimi niliisoma kama mtoto anayetaka jambo liishe. Hakusema kwamba hakutaki.

Korogwe basi. Kule anaweza kupata utulivu na dada yako akafuata maelekezo vizuri. Lakini ujuzi wa mtoto hushikamana na mahali: kaptula anayoivaa kwa dada yako, mbele ya kitanda kile, anaweza akasema hawezi akirudi kwa bibi. Utakuwa pia umemwondoa kwa mtaalamu anayemjua, na bibi atabaki na jeraha. Kama ni likizo ya wiki mbili za kupumua kwenu wote, hilo ni jambo jingine.

Kusubiri mwaka kunaweza kukupa muda wa choo, ambacho ndicho kigumu. Kwenye choo cha kuchuchumaa anahitaji kushika ili asianguke, na mkono huohuo mmoja unahitajika kushika kopo na kuchamba. Nyumbani kiti cha plastiki kilichokatwa tundu juu ya shimo kinauacha mkono huru, na kimpira cha maji kilichofungwa ukutani kinachukua nafasi ya kopo. Shuleni huenda hata kimoja kati ya hivyo kisiwepo. Ajizoeze basi kujipangusa kwa karatasi iliyoloweshwa, mbele kwenda nyuma, ambayo inahitaji mkono mmoja tu, na nyumbani amalizie kwa maji. Hasara ya kusubiri ni kwamba wenzake wa mtaani watamtangulia, na mtoto anayejua kuhesabu atalitambua hilo.

Neno la mwalimu mkuu lisikuogopeshe mno. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mwanao haki ya kusoma, na halmashauri ina afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu. Sikwambii uanze kwa kushitaki; sheria ukiishika mkononi mlangoni, mlango hukaza. Nenda ukakione choo cha shule kwanza. Pima kimo cha mlango, kitasa kiko wapi, kuna ukuta upande wa kushoto unaoweza kubeba bomba la kushika, usawa wa kifua chake akichuchumaa? Bomba moja na mafundi wa nusu siku ni ombi ambalo kamati ya shule inaweza kulielewa, na baba mtoto anaweza kulichangia. Yeye ana nafasi nyingine pia: simu moja kwa mama yake, ya kumwomba aende kliniki kwa sababu wataalamu wanahitaji kujua anavyomlea mtoto, itasikika kuliko simu kumi za kusema msikilizane.

Siku mkienda, muulizeni mtaalamu haya: kaptula ndiyo ianze au ana sababu ya kuanza na kingine, kifaa cha kunyoosha kidole gumba usiku kinamfaa au bado, na mguu wa kulia unamruhusu kuchuchumaa kiasi gani. Bibi akae kiti cha mbele, na wewe umwache aulize.